FILAMU YA MAPENZI IANZIE KWENYE KARATASI

Vijana wa skuli na vyuo vya Unguja na Pemba wameanza kutengeneza filamu. Zamani kazi hiyo ilihitaji mitambo mizito, maabara ya kusafishia ukanda na fedha ambazo hata taasisi kubwa zilizipata kwa shida. Leo kamera imo ndani ya simu ya mkononi, na mwanafunzi anaweza kupiga picha asubuhi, akazihariri mchana na kuwaonesha wenzake jioni. Hadithi inayowavutia wengi wao ni kichekesho cha mapenzi: kijana na binti wa chuoni, mkosano, kicheko na hatimaye mapatano.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa katika safu hii kwa uzito unaolingana nalo. Tunataka kuzungumzia sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni dakika mbili za mwanzo. Rai yetu ni kwamba dakika hizo zitengenezwe kwanza juu ya karatasi, picha moja baada ya nyingine, kabla kamera haijawashwa. Na kwamba karatasi hiyo hiyo iwe ndiyo hoja ya mwanafunzi mbele ya mzazi, mbele ya sheha na mbele ya ofisi ya Serikali.

Wapo watakaosema kwamba kichekesho cha mapenzi ni upuuzi usiomfaa mwanafunzi. Tunawaheshimu wanaosema hivyo, lakini historia ya Visiwa hivi haiwaungi mkono. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, na miongoni mwa aliyoyaimba yalikuwamo mapenzi, kejeli na madhila ya wanyonge. Wazee wengi wa leo walipokuwa vijana waliingia katika majumba ya sinema ya mjini, likiwamo Majestic la Vuga, kuwatazama Raj Kapoor na Nargis katika filamu ya Awaara ya mwaka 1951, wakatoka wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyaelewa. Na katika mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, ilitolewa kuwa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji na kupigwa picha hapa hapa Zanzibar. Kiini chake ni mapenzi ya Yasmin na Denge katika miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni, na filamu hiyo ilioneshwa Toronto mwaka huo huo. Kwa hiyo mapenzi yana makao ya halali katika sanaa yetu. Linalobaki ni kuuliza kama vijana wetu watayasimulia kwa ufundi, au watabaki kuigiza tamthilia za Uturuki, Korea na India hadi mavazi, ishara na vilio vyake.

Hebu tutazame kazi ya mwanzo wa filamu ya namna hii. Mwanzo humpa mtazamaji ahadi. Humwambia kwamba ameingia katika nyumba ya kicheko, kwamba kuna watu wawili watakaopendana, na kwamba kuna jambo litakalowazuia. La tatu ndilo linalosahauliwa sana na wanagenzi. Wengi huanza kwa kuwakutanisha wapenzi: wanagongana kibarazani mwa darasa, vitabu vinaanguka, wanainama pamoja kuviokota, muziki unalia. Mtazamaji ameshaliona hilo mara mia, na hana sababu ya kuendelea kutazama, kwa kuwa hakuna kizuizi alichooneshwa.

Mabingwa walifanya vingine. Katika filamu ya Marekani It Happened One Night, iliyoongozwa na Frank Capra mwaka 1934 na iliyopata tuzo tano kuu za Oscar, binti wa tajiri anaoneshwa ndani ya mashua ya baba yake huko Miami. Amegoma kula, kwa sababu baba hamtaki mume aliyemchagua. Wanatupiana maneno, sahani zinamwagika, binti anajitupa baharini na kuogelea. Mwanamume atakayempenda hajaonekana bado, lakini sisi tumekwisha kumjua binti huyu: hashikiki, na hajui dunia ya watu wa kawaida inavyokwenda.

Katika When Harry Met Sally ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner, kwanza tunawaona wazee wawili wameketi kwenye kochi, mume akieleza jinsi walivyokutana. Ndipo tunapelekwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1977, ambako wanafunzi wawili waliomaliza masomo wanaingia katika gari moja kwenda New York, safari ya saa 18, na kuanza kubishana. Wale wazee wametupa ahadi ya mwisho mwema. Ubishi wa garini umetuonesha urefu wa njia.

Na katika 10 Things I Hate About You ya mwaka 1999, ambayo ni mchezo wa Shakespeare uliohamishiwa katika skuli ya Marekani, wasichana wanne waliojipamba wamo garini na wimbo wa kuchezacheza, na pembeni yao linasimama gari kuukuu linaloendeshwa na binti mwenye uso mkavu, muziki wake ukiwa mkali na wa sauti ya juu. Hakuna aliyesema neno, na tabia zote zimeshaeleweka. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kazi ya muziki katika filamu asitafute mfano wa mbali zaidi ya huo.

Nchi nyingine zimeifanya kazi hii kuwa sehemu ya masomo. Nchini Uingereza bodi ya mitihani ya OCR, katika mtaala ulioanza mwaka 2008, iliwataka wanafunzi wa masomo ya vyombo vya habari watengeneze majina na mwanzo wa filamu mpya, usiozidi dakika mbili. Picha na sauti zote zilitakiwa ziwe za wanafunzi wenyewe, isipokuwa muziki au milio iliyotoka mahali pasipo na kizuizi cha hakimiliki. Kabla ya hapo walipewa zoezi dogo: mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi mkabala na mwenzake na wabadilishane maneno machache. Zoezi linaonekana la kitoto, lakini ndani yake mna sarufi nzima ya filamu. Mkono ulioshika kitasa kwa nje ndio uonekane umeshika kitasa kwa ndani. Anayesema aonekane, na anayemsikiliza naye aonekane. Kamera isivuke ule mstari wa kufikirika unaowaunganisha watu wawili, maana ikiuvuka, waliokuwa wakitazamana wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Katika mtihani huo, alama 60 kati ya 100 zilitolewa kwa kazi iliyotengenezwa, 20 kwa kujitathmini, na 20 kwa utafiti na matayarisho. Tunawaomba walimu wetu waitafakari hesabu hiyo. Sehemu moja kwa tano ya kazi ya filamu ilipimwa kwa yale yaliyofanywa kabla ya filamu.

Sasa tuyalete haya nyumbani kwa mfano. Tuseme wanafunzi wa chuo kimoja hapa Unguja wanataka kufungua kichekesho chao. Binti, tumwite Riziki, anatoka Wete, amekuja kuanza masomo na atakaa kwa ami yake, mtu mzima mwenye msimamo mkali. Kijana, tumwite Makame, anasoma sayansi ya bahari na leo anatakiwa mbele ya wahadhiri. Wote wamepanda meli moja kutoka Mkoani. Kila mmoja ana kikapu cha ukindu chenye mfuniko, na vikapu vimefanana. Cha Riziki kina halua, zawadi ya mama kwa ami. Cha Makame kina kaa aliye hai.

Dakika mbili ni sekunde 120. Sekunde 10 za kwanza, meli inaingia Malindi na majina ya watengenezaji yanapita. Sekunde 15, mkono wa Riziki wenye hina umeshika kikapu, na katika simu mama anamsisitiza asikiweke chini, anakiweka chini. Sekunde 15, Makame yuko upande wa pili wa benchi, amempa mgongo, anakariri hotuba yake kwa sauti ndogo. Sekunde 15, meli inagusa gati, watu wanayumba, mikono miwili inashuka na kunyanyua vikapu, kila mmoja kisicho chake. Sekunde 15, langoni mwa bandari wanapanda daladala mbili zinazokwenda njia mbalimbali. Sekunde 20, ami amenawa, kahawa imemiminwa, anasoma bismillahi, anafunua kikapu, na gando la kaa linatokeza. Sekunde 20, Makame anawatangazia wahadhiri kwamba kiumbe wanachokwenda kukiona kina uwezo wa ajabu wa kuishi nchi kavu na majini. Anafunua, na pana halua. Sekunde 10 za mwisho, wote wawili wanatoka mbio, kila mmoja kutoka mlango wake, na jina la filamu linatokea.

Wapenzi hawajaonana uso kwa uso, hawajasemezana, wala hawajagusana. Walioonana ni vikapu. Lakini mtazamaji anajua kwamba lazima watafutane, anajua kwamba ami ameshakasirika kabla kijana hajabisha hodi, na amecheka. Hakuna katika dakika hizo picha moja ambayo mzazi atafumba macho ya mtoto wake asiione. Haya haikukipunguza kichekesho. Imewalazimisha watengenezaji watumie akili.

Kazi ya karatasi ndipo inapoanza. Kila tukio lichorwe katika vyumba vidogo, kimoja kwa kila picha, na chini ya kila chumba yaandikwe maneno, milio na muda wake. Mchoro hauhitaji uchoraji mzuri. Vijiti viwili vyenye vichwa vinatosha kuonesha nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Tukikadiria sekunde nne kwa kila picha, dakika mbili zitahitaji picha 30. Kikundi kitakachochora vyumba 30 kitagundua mapema kwamba picha ya benchi haina haja ya kupigwa ndani ya meli: benchi la mbao likiwekwa ufukweni, bahari ikiwa nyuma, mlio wa injini unaweza kuongezwa baadaye. Nauli imeokolewa, na ugomvi na abiria umeepukwa.

Lakini bahari nayo ina ratiba yake. Mvuvi yeyote atawaambia wanafunzi kwamba maji huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50. Wakipiga nusu ya tukio la benchi saa kumi jioni maji yakiwa yamejaa, kisha wakarudi baada ya wiki saa ile ile kumalizia, watakuta maji yamekupwa na meli yao imekwama juu ya mchanga na mwani. Hina ya Riziki nayo hufifia. Picha za mkono wake zikipigwa Ijumaa moja na kumaliziwa Ijumaa ya pili, mtazamaji ataona vidole vimebadilika rangi kati ya kuweka kikapu na kukinyanyua. Kwa hiyo picha za mahali pamoja zipigwe kwa mfululizo, hata kama katika hadithi zimeachana, na mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuandika kila kilichoonekana: mtandio upi, kikombe kilikuwa mkono gani, mfuniko ulilala upande upi.

Sauti ndiyo inayoziangusha filamu nyingi za wanafunzi. Simu hushika upepo wa bahari kuliko sauti ya msemaji. Hushika honi, hushika majenereta, na katika mji wetu hushika adhana. Kikundi chenye mpango hupanga kazi yake baina ya sala na sala: wakati wa adhana kamera zinanyamaza, watu wanakwenda kusali, na hakuna maneno yatakayokatika nusu. Na kuhusu muziki tuseme wazi. Wimbo wa taarab au wa kizazi kipya una mwenyewe. Wanafunzi waombe ruhusa, au wamtafute mwenzao anayepiga udi au ganuni awatungie sekunde 30 zilizo zao.

Tumesema kwamba karatasi hiyo ni hoja mbele ya mzazi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Katika Visiwa hivi watu wanajuana. Binti akionekana katika filamu ya mapenzi, habari zitafika kwao Wete kabla filamu haijafika. Wazazi wengi hukataa, na hatuwezi kuwalaumu, kwa sababu wanaombwa ruhusa ya jambo wasiloliona. Matokeo yake wasichana wenye kipaji wanabaki nje, na katika baadhi ya vikundi nafasi zao hukatwa au huchezwa kwa mzaha. Mzazi akiletewa vyumba 30 vilivyochorwa, akaona mwanawe atavaa nini, atasimama wapi, atasema maneno gani na nani atakuwapo siku ya kazi, anakuwa na kitu cha kukubali au kukirekebisha. Pengine atasema picha ya tisa ibadilishwe. Ibadilishwe. Binti atakayepata nafasi hiyo kwa radhi ya wazee wake atarudi kuongoza filamu ya pili.

Hali kadhalika, mpita njia ana haki yake. Mama anayenunua samaki Darajani hakutoka nyumbani kwake kuwa pambo la hadithi ya mapenzi ya watu wengine. Mpango mzuri huonesha mapema ni wapi umma utaonekana, na hapo wanafunzi wataomba idhini au watageuza kamera.

Kwa watendaji wa Serikali tunasema yafuatayo. Ni haki na wajibu wa dola kulinda usalama wa bandari, majengo ya Mji Mkongwe uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na maadili ya jamii. Hatuombi milango hiyo ibomolewe. Tunaomba mwanafunzi asipimwe kwa kipimo kile kile cha kampuni kubwa ya filamu inayotoka nje na malori ya vifaa. Hadithi yetu ya vikapu inagusa bandari, mtaa, nyumba na chuo. Mwanafunzi akitakiwa kuzunguka kwa kila mwenye mamlaka peke yake, muhula utakwisha naye bado yuko kwenye mabenchi ya kungojea.

Tunapendekeza iwepo fomu moja ya ukurasa mmoja kwa filamu za wanafunzi. Iwe na saini ya mkuu wa skuli au chuo, iambatanishwe na michoro na ridhaa za wazazi, sheha apewe nakala, na jibu litolewe katika siku saba bila ya malipo. Ofisa mwenye nia njema anaweza kuipitia michoro 30 kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Ataona kilichomo, na akiwa na kipingamizi atakitaja kwa namba ya picha. Hiyo ni njia bora ya kusimamia sanaa kuliko kungoja filamu imalizike ndipo ikataliwe nzima, jasho la vijana likapotea na chuki ikazaliwa mahali pake.

Faida ya utaratibu huo haitaishia darasani. Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa mwenyeji wa tamasha la kimataifa la filamu, na wageni kutoka pande nyingi za dunia wamekaa katika Ngome Kongwe kutazama kazi za mataifa mengine. Ukumbi ni wetu na hadhira ni yetu. Ni haki kutamani kwamba watoto wa Makunduchi, Micheweni na Kwahani wasiwe daima upande wa wapangaji wa viti.

Kwa vijana wenyewe, tunawausia wasione uzito kukaa wiki mbili na penseli kwa ajili ya dakika mbili. Fundi wa jahazi huchagua mbao na kupima kabla hajachukua shoka, na hakuna anayemwita mvivu kwa kukaa kwake akitazama. Wachore, wafute, wawasomee wazee wao hadithi hiyo barazani na wasikilize ni wapi wazee wanacheka. Pasipochekwa, paandikwe upya. Walimu nao wawape alama kwa matayarisho hayo kama wanavyowapa kwa kazi iliyokamilika, maana mwanafunzi hujifunza kukithamini kile ambacho mwalimu wake anakipima.

Muhula mpya wa masomo ni wakati mwafaka wa kuanza. Skuli na vyuo vikusanye vikundi vyao, ofisi zinazohusika zitayarishe fomu hiyo moja, na wazazi wakiletewa michoro waisome kwa makini hadi chumba cha mwisho kabla ya kutoa jibu.